Najua Tangu Harusi ya Salma

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Khadija,
Kibokoni, Mombasa.

Shikamoo Mama.

Mgongo u hali gani? Dawa ya presha waimeza kila asubuhi, au mpaka kaka Swaleh akupigie kelele? Mimi huku ni mzima wa mwili. Nala, nalala, na baridi imelegea kidogo, watu wameanza kuketi nje na kujifanya kuna jua. Dirisha la chumba changu latazama mfereji, maji yake hayajui kupwa wala kujaa. Yamekaa pale pale tangu nilipofika Uholanzi, na mpaka leo sijayazoea.

Kama huna miwani karibu, itafute kwanza. Usimwite Swaleh akusomee. Barua hii nataka uisome wewe mwenyewe, na uisome ukiwa umeketi.

Umeona nilivyoanza. Miaka minne nimekuwa mbali, na kila barua niliyoandika ilianza na "Shikamoo Baba, shikamoo Mama," kwa utaratibu huo, kwa sababu Baba ndiye aliyekuwa akizisoma kwa sauti na alipenda kulisikia jina lake likitangulia. Leo nimekuamkia wewe peke yako. Sikusahau, Mama. Mkono ulitaka kuandika kama ulivyozoea, nikauzuia.

Baba hayupo. Najua. Najua tangu wiki ile ya harusi ya Salma. Leo ni miezi mitatu na nusu nakupigia simu kila Ijumaa, nakuuliza "Baba hajambo?", na huku najua yuko Kikowani chini ya mchanga. Nisamehe. Nitakueleza yote, na ukimaliza kusoma unaweza kunikasirikia utakavyo.

Nimeandika kwa karatasi kwa kuwa kwenye simu sitaweza. Utanikatiza, utauliza ni nani aliyenambia, utamgeukia Swaleh, Swaleh ataapa, nami nikiuona uso wako nitarudi nyuma niseme nilikuwa nakisia tu. Kwa hiyo nimempa barua hii mwenzangu mmoja wa Tudor anayekuja likizo. Ameniahidi ataileta mpaka mlangoni na kuitia mkononi mwako.

Hujawahi kuniuliza hasa nasoma nini, wala sikulaumu. Mashoga zako wakikuuliza wasema "kompyuta", wote watikisa kichwa, mazungumzo yarudi kwenye bei ya nazi. Baba ndiye aliyekuwa mdadisi. Likizo ile ya mwisho niliyokuja, tumeketi barazani baada ya alasiri, wewe uko ndani wakaanga kaimati, alinishika akataka nimweleze kama anavyoelezwa karani mpya siku ya kwanza ya kazi.

Nikamwambia kazi yangu ni ya mawakala. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mawakala? Shimanzi yote ni mawakala! Wa forodha, wa meli, wa malori. Weye umepanda ndege kwenda kutafuta wangine?"

Nikamwambia hawa wangu hawana miili. Ni programu, kila moja imepewa kazi yake na kuachiwa ijiamulie. Wakala mmoja apanga malori yanayoingia kwenye yadi ya makontena, mwingine apanga winchi, na hakuna bosi anayewasimamia. Ili wasigongane, kila mmoja awekewe wazi anachoamini, anachotaka, na anachokusudia kufanya. Na juu ya hayo awe na picha ya yale anayoyaamini mwenziwe, kwa sababu lori likiamini kwamba winchi yajua lipo, na winchi haijui, kontena litaangukia kitwa cha mtu. Mimi natunga mantiki ya mambo hayo. Ni kanuni zilizoandikwa kwa alama, kama hesabu, zinazosema: mtu akiamini hili na kulitaka lile, ni lipi analoweza kulikusudia kwa haki, na ni lini ana ruhusa ya kuliacha kusudio lake. Kanuni moja tuipendayo yasema hivi: aliyekusudia jambo haliachi mpaka aamini limekwisha timia, au aamini kwamba haliwezekani tena.

Baba alitazama vidole vyake. "Nia ni ya moyo, Mwanaisha. Mashine haina moyo."

Nikamwambia ni kweli, sisi twachora umbo lake tu.

"Basi sikiza," akasema, "nikupe umbo."

Hadithi hii huenda umeisikia mara mia, lakini nipe ruhusa niirudie, kwa sababu bila ya hiyo sitaweza kukueleza lolote. Baba alikuwa karani wa kuhesabu mizigo pale gati ya Mbaraki, siku ambazo magunia bado yalishushwa kwa wavu. Yeye alisimama juu ya meli na kitabu chake. Karani mwenziwe, Mzee Mutua, alisimama chini gatini na chake. Wavu ukianza kuteremka Baba aliita, "Kumi na mbili!", na Mzee Mutua lazima aitikie, "Kumi na mbili!", ndipo wapagazi waruhusiwe kuufungua. Kutwa nzima waliitana hivyo mpaka sauti zikapotea.

"Sasa siku moja," Baba akanambia, "wingu limefunga, twataka kumaliza. Mutua akasema leo tusiitane, kila mtu aandike aonalo kwa mato yake. Jioni vitabu vilikuwa sawa. Gunia kwa gunia, sawa! Msimamizi akaja akaniuliza, weye waweza kuapa kwamba Mutua aliona ulichoona? Siwezi. Akamuuliza Mutua, naye hawezi. Akatwambia, basi hamkuhesabu. Tulihesabu mzigo wote upya, na mvua yatunyea. Kuona tuliona sote wawili, lakini hatukuitana."

Nilimshika mkono nikaubusu. Mama, vitabu vyetu vina kurasa chungu nzima za jambo hilo hilo: kwamba watu wawili waweza kulijua neno moja, kila mmoja kivyake, na bado wasiweze kufanya kitu pamoja, kwa kuwa hakuna aliyelisema mbele ya mwenziwe. Wataalamu wamelizunguka kwa alama na mishale. Baba alilimaliza kabla kaimati hazijaiva. Niliiandika hadithi yake katika ukurasa wa kwanza wa tasnifu yangu.

Sasa nikwambie nilivyojua, usije ukamshuku mtu.

Mwezi wa kwanza sikuwa na habari. Nikipiga simu wasema Baba yuko msikitini, nami najua Baba na msikiti. Wiki ya pili Swaleh asema koo lamuuma, hawezi kusema. Wiki ya tatu Swaleh aniandikia amelala, na saa ile ile wewe wasema yuko msikitini. Kila neno likiwa peke yake lilikuwa la kuaminika. Kisha ikaja Ijumaa ya harusi ya Salma. Salma, Mama! Mtoto wa dada yako, aliyekulia mapajani mwako, uliyekuwa ukisema tangu yuko chuoni kwamba siku ya kumtoa utacheza lelemama mpaka miguu ikukatae. Napiga simu ya video nikitarajia makelele ya wanawake na matarumbeta, nakukuta umeketi kitandani chumbani mwako, pamenyamaza.

"Mguu waniuma, mwanangu. Siwezi kushuka ngazi."

Nikakwambia pole. Halafu upepo ukalipiga dirisha, ukainuka ukaenda ukalifunga, ukarudi, na mguu hauna neno. Ndipo nikakutazama. Masikioni huna herini, zile za dhahabu ambazo hata ulipofanyiwa operesheni ya jicho walikubembeleza uzitoe. Huna wanja. Huna hata kikuba kimoja cha asumini, siku ya harusi. Umejitanda leso iliyopauka, na nyuma yako ni ukuta ule ule niliouona Ijumaa zote nne.

Mtoto yeyote wa kike wa Mji wa Kale angelijua papo hapo kwamba anayemtazama yuko edani, amefiwa na mume. Mimi niliona, na sikutaka kuona. Nikafanya ujinga ambao ni msomi tu awezaye kuufanya: nikenda kuuliza mashine.

Nina programu niliyoiandika mwenyewe. Kazi yake ni kupewa orodha ya mambo, nani anaamini nini na nani anataka nini, kisha iseme kama mambo hayo yaweza kukaa pamoja. Asubuhi ya pili nilikwenda ofisini, nikawatia nyinyi ndani yake badala ya malori. Nilikuwa nikitafuta maelezo mengine, Mama. Nilitaka inipe njia yoyote nyingine. Niliandika: Mama anataka kwenda harusini. Mguu wa Mama ni mzima. Mama hakwenda. Mama ametoa herini. Mama asema Baba yuko msikitini. Swaleh asema, saa ile ile, Baba amelala. Na nikaandika kanuni moja kuhusu wewe: Mama hamwambii mwanawe uongo, ila akiwa amkinga na jambo kubwa.

Ikanijibu kwamba hayakai pamoja. Nikafuta kwamba wataka kwenda harusini, ikakataa, na mimi mwenyewe nikaona haya nikairudisha. Nikafuta maneno ya Swaleh. Ikakataa. Nikasema labda sikuona vizuri, nikafuta herini. Ikakataa. Mwisho ulibaki mstari mmoja juu kabisa, ambao niliuandika bila hata kufikiri: Baba yuko hai. Nikaufuta huo. Mashine ikakubali mara moja. Haikusema kitu, haijui kifo ni nini. Ilinionyesha alama ya kijani, ile inayotoka malori yakipangika vizuri. Wenzangu walikuwa wanakunywa kahawa na kuzungumza habari za mpira. Nilikwenda chooni nikauma ushungi wangu ili wasinisikie.

Hata hivyo sikuiamini. Nilitaka kusikia kwa mtu, na nikawaza, nani nitakayempata ambaye hajapangwa? Maana nilijua mtakuwa mmempanga kila mtu, jamaa, majirani, mpaka muuza mahamri. Nikapatia. Mtu mmoja mlimsahau, kwa sababu si wa ukoo wala wa msikitini, na huja nyumbani kwa Krismasi yake na Idi yetu tu. Nilimpigia Mzee Mutua.

Nikamwamkia, akaitika. Nikamuuliza, "Mzee, Baba yangu hajambo?"

Nilisikia redio yake ikizimwa. Kisha akasema, "Msichana wangu, mimi hakuna mtu aliyeniambia nikwambie. Na hakuna aliyeniambia nisikwambie."

"Basi niitie, Mzee," nikamwambia. "Kama mlivyokuwa mkiitana."

"Tulimzika siku ya Alhamisi, baada ya adhuhuri. Nilifuata jeneza kwa miguu kutoka msikitini mpaka makaburini. Ndugu yako Swaleh alinivuta mkono, akanisogeza mbele, nikatia mchanga. Nilitia mara tatu, kama wao."

Akaanza kulia. Mzee mzima, Mama, alilia kama mtoto, na mimi nimesimama nje penye baiskeli za watu, nalia naye. Alinieleza jinsi moyo ulivyomshika Baba, na zile siku mbili za hospitali, na neno lake la mwisho kwenu: msimwambie Mwanaisha mpaka amalize. Nikamwomba asikwambieni kwamba nimejua. Hakupenda. "Unanitaka niandike vitabu viwili," akanambia. "Na sikuwahi." Lakini alikubali kwa ajili yangu, na amekaa nalo mpaka leo. Ukiona hapiti nyumbani hata kukupa pole, ni kwa sababu hiyo. Anaogopa uso wako.

Hapa sasa ndipo kosa langu lilipo, na hili ni langu mimi, halimhusu mtu mwingine. Nilijiambia hivi. Mama ameshika wasia wa Baba. Amekusudia nisijue mpaka nimalize. Akigundua kwamba najua, ataamini ameuvunja wasia wa mumewe naye yuko edani, na hilo litamuumiza kuliko yote. Kwa hiyo nitamwachia kusudio lake likiwa zima, nitanyamaza. Na ili asishuku kitu, yanipasa niendelee kuuliza kama zamani, maana nikiacha kumuulizia Baba atajua. Niliona ni hesabu nzuri. Nilijiona nina akili na nina huruma.

Kumbe nilichokuwa nikifanya, kila Ijumaa baada ya sala, ni kukulazimisha mjane umfufue mumeo kwa mdomo wako. Nilikuuliza makusudi. Mara kumi na tano nimekuuliza, nimezihesabu.

Ijumaa moja haitanitoka. Nilikuuliza kama kawaida, ukanambia, "Babako yuwalala." Nikakaa kimya sekunde moja zaidi ya desturi, kwa kuwa nilikuwa nimechoka. Ukasema, "Nikamwamshe?"

Nikamwamshe! Nikakujibu, "La, Mama, mwache apumzike." Tukatazamana. Ulikaza mato, nami nikakaza yangu. Mimi niliyesomea kwa miaka minne nani anajua nini kuhusu anachojua nani, nilikuwa nakutazama uso kwa uso na sikuweza kutambua kama wajua kwamba najua. Mpaka leo sijui. Labda umejua zamani, nawe umekuwa ukinihurumia kama nilivyojidai kukuhurumia. Nikifikiri hivyo nataka kupiga kitwa ukutani.

Arubaini yake niliifanya peke yangu. Nilihesabu tangu ile Alhamisi ya Mzee Mutua. Nilisoma Yasini mara tatu, nikapika biriani sufuria moja, nikawagongea milango majirani zangu Waholanzi kuwagawia. Wakaniuliza ni sikukuu gani. Nikasema ni siku ya babangu. Wakasema, mpe pongezi zetu! Nikawashukuru.

Kisha ikaja wiki iliyopita, siku ya kuitetea tasnifu. Wameketi maprofesa sita na majoho yao, wazazi wa wenzangu wako nyuma na maua. Mambo ya alama niliwajibu yote. Mwisho mmoja wao, bibi wa makamo, akanitabasamia akauliza hadithi ile ya makarani wawili wa Mombasa ni ya kweli au nimeitunga. Nikasema ni ya kweli, karani wa juu ni baba yangu. Akauliza, "Yuko hai?" Nikasema, "Hapana."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya watu. Nilitamka kwa lugha yao, mbele ya wageni wasiomjua, kabla sijalitamka mbele yako. Walinipa cheti, wakapiga makofi, na mimi sikusikia chochote. Niliona haya tu, haya ambayo sijapata kuiona maishani mwangu.

Alasiri nikakupigia. Herini zilikuwa zimerudi masikioni. Umetia wanja, umeketi ukumbini. Nikajua eda imekwisha, na kusoma nimemaliza, na kwa kanuni zangu zote hapo ndipo kusudio limetimia na aliyelibeba yuko huru kulitua. Nikangoja. Ulipiga vigelegele mpaka Mama Farida akateremka kutoka juu kuuliza kulikoni. Nikangoja vigelegele vimalizike. Nikakuuliza, na nilikuuliza nikikusihi kwa moyo wangu wote unijibu kweli: "Na Baba je?"

"Babako amefurahi sana," ukasema. "Amelia kwa furaha, mwanangu. Machozi yamtiririka hapa."

Ukagusa shavu lako. Na machozi yalikuwako kweli, Mama, yalikuwa yako.

Ndipo nikafahamu kwamba jambo hili halina mwisho wake lenyewe. Wasia umekwisha, na bado huwezi, kama mimi nisivyoweza, kwa sababu hakuna ajuaye pa kuanzia. Tutaendelea hivi mpaka nirudi. Tikiti ninayo, ni wiki tatu tu. Naiona siku hiyo: nafika mlangoni, nakuta viatu vya wanawake vimejaa ukumbini, nashikwa mikono miwili, naambiwa "keti tini kwanza, mwanangu." Na mimi nianguke, nipige ukelele wa mtu asiyejua. Siwezi kuigiza hilo. Baba hastahili kuliliwa kwa kuigiza. Nataka nikifika unifungulie wewe, niweke mzigo chini, tulie hapo hapo mlangoni kama watu wanaojua. Kisha unipeleke Kikowani unionyeshe alipo.

Sijakulilia hata mara moja, Mama, na hujanililia. Miezi mitano karibu. Umekaa kwenye chumba kile ukilia na dada yako Bi Rukia, na Swaleh, na majirani, kila mtu amepata zamu yake ila mimi. Nimekukosa kuliko nilivyomkosa yeye, na hilo nilikuwa sijui kama laweza kumpata mtu.

Nisalimie kaka yangu Swaleh. Mwambie sina kinyongo. Mtu mwenye duka Makadara miaka yote ile na bado hajui kudanganya ni mtu mwema, na yale mambo ya koo hakuyasema vizuri hata chembe. Mwambie pia ahsante kwa kumsogeza mbele Mzee Mutua siku ya maziko. Msalimie Bi Rukia, na Salma bibi harusi, umwambie anisamehe kwa pongezi zangu fupi siku ile. Msalimie Mama Farida wa ghorofani, aliyekuwa akimletea Baba bajia za dengu akijua daktari amekataza. Na umtumie mtu amwite Mzee Mutua aje ale chakula cha mchana, umpokee vizuri, umwambie kitabu cha pili sasa akifunge. Zile kalamu za nta za buluu alizoniagiza Baba, za kuandikia makasha, nilizinunua kabla sijajua. Ziko hapa mezani. Namletea Mzee Mutua.

Hapa ndipo nilipokuwa nikiandika, "na Baba mwambie asiniharibie barua kwa kuikunja mara nne." Leo nimepaacha.

Ijumaa ijayo nitapiga simu baada ya sala, saa yetu ile ile. Barua hii itakuwa imefika. Usitie mtu mwingine chumbani. Sitakuuliza Baba hajambo. Nitasimama juu kama alivyokuwa akisimama yeye, nitaita mara moja kwa sauti: "Baba amekufa."

Nawe Mama, hata ikiwa sauti haitoki, niitikie.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha